Lori la Malale Linavuja Upepo

Jumatatu, 12 Mei

Naandika kwa sababu leo nimempigia kelele kila mtu aliyenikaribia, na hasira bado ipo palepale. Daftari angalau haliwezi kuniambia, "Emelyne, punguza mdomo."

Asubuhi lori la Malale limeingia gereji, lile la bluu lililoandikwa nyuma ACHA WAONGEE. Dereva wake ni mdogo wangu, Arcade. Nililisikia kabla sijaliona: ssss, upepo wa breki unatoka tangu barabarani. Nikamwambia Arcade azime injini, akanyage breki na asiachie. Nikaingia chini na kopo la maji ya sabuni na brashi, nikapaka kila penye maungio. Kwenye valvu, ile inayogawa upepo kutoka kwenye tanki, povu likafura. Kwenye chemba ya breki ya nyuma kushoto likafura zaidi. Raba ya ndani, ile inayosukumwa na upepo ili breki ishike, imechanika. Arcade akasema kutoka juu kwamba sindano ya geji inashuka huku anaitazama.

Kazi yenyewe si ngumu. Unafungua chemba, unaweka raba mpya, unafunga, unapaka sabuni tena uhakikishe. Raba zinapatikana hapa hapa Mpanda.

Malale akaja na pikipiki, kofia kichwani, fimbo yake ya kuchungia imefungwa kwenye keria. Hakushuka. Akasema msimu umeanza na gari linatakiwa Kasekese kesho. "Ziba hilo tundu. Mengine baada ya mavuno."

Nikamwambia kuziba maana yake tairi hiyo haitakuwa na breki kabisa.

"Si kuna tairi zingine?" akauliza. Na alikuwa anauliza kweli, hakuwa anatania.

Nikaweka brashi chini, nikasema mimi sizibi. Basi Sylvanus, mwenye gereji, mtu aliyenifundisha kazi hii, aliyekuwa akinifokea nikisahau kupaka sabuni nyuma ya nati, huyo huyo akachukua bolti, akaichomeka kwenye mpira unaopeleka upepo kwenye breki ya tairi ile na kuikaza kwa klampu. Kwenye valvu akakaza nati tu. Ssss ikapungua, haikuisha. Malale akampa mkono. Arcade akaondoka anapiga honi.

"Mzee, hiki ndicho ulichonifundisha?" nikamuuliza Sylvanus.

"Nilikufundisha ukiwa mwanafunzi. Sasa we ni fundi, unajua watu walivyo. Tukikataa sisi, wanakwenda kuzibiwa ng'ambo ya reli."

Nikaipiga teke ndoo. Sasa kidole cha mguu kinauma, na hilo nalo limenikasirisha.

Jumanne, 13 Mei

Vumbi. Nimeshinda chini ya tipa la kokoto. Sijasema na Sylvanus isipokuwa kumwomba spana.

Ijumaa, 16 Mei

Mama yuko Kasekese kwenye majaruba. Kila mwaka ni hivyo. Anatoka Katumba, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi, na akina mama wenzake, Mama Thacienne na wengine, wanakodi mashamba ya mpunga, wanajenga kibanda cha majani na turubai, wanavuna, na hawarudi mpaka gunia la mwisho limepakiwa. Wanapanda lori pamoja na mpunga wao, wanakaa juu ya mzigo, kwa sababu hakuna anayemwachia dereva mpunga wake, hata dereva akiwa ni mwanawe wa kumzaa. Na lori ni la Malale, maana wenye malori wengine hawataki kuingia kwenye njia zile za mashamba.

Kwa hiyo nikikumbuka tairi iliyozibwa, namwona mama yangu, Gaudiose, juu ya gunia, kitenge kichwani, anapiga stori. Leo nimeshindwa kumaliza ugali.

Jumanne, 20 Mei

Simu imelia mchana. Ni Arcade, na nyuma yake kelele za wanawake, sikuelewa nani analia na nani anafoka.

Walikuwa wanapakia tangu asubuhi. Injini imezimwa, kwa sababu Malale hataki dizeli iungue gari likiwa limesimama. Valvu inavuja, basi upepo ukaisha wote kwenye tanki. Upepo ukiisha, springi kubwa za nyuma zinabana tairi zenyewe. Ndivyo lori lilivyoundwa: lisipokuwa na upepo, lisitembee. Wamemaliza kupakia, Arcade amewasha, na gari halisogei. Kompresa inajaza, tundu linatoa. Wamekaa wanasubiri sindano ipande, na wingu limesimama juu ya kichwa chao.

Nikamwambia akanyage mafuta kwa utaratibu, injini ikimbie, sindano itapanda, asiguse breki. Akaniambia sindano imekwama. Kisha mama akamnyang'anya simu.

"Emelyne, gari lenu lina wazimu?"

"Si gari langu, mama."

"We si ndio fundi?"

Halafu nikasikia mvua. Niliisikia kwenye simu, inapiga turubai, na wanawake wote wakipiga yowe kwa pamoja. Mvua ya mwisho ya msimu, iliyokuwa imesahaulika, imewakuta na magunia wazi.

Huku Mpanda halikudondoka hata tone. Nilisimama juani na simu sikioni mpaka ikakatika. Kisha nikaenda kumwambia Sylvanus kwamba ile bolti yake na ile nati yake zimelowesha mpunga wa mama yangu. Akasema, "Mvua naleta mimi?" Tangu hapo sijui nimemwita majina gani. Yeye akaendelea kukaza nati za gari la mtu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jumatano, 28 Mei

Mama ametuma salamu. Mpunga uliolowa waliuanika juu ya maturubai, mwingine umeota, mwingine unanuka. Hajasema umebaki kiasi gani, nami sikuthubutu kuuliza.

Jumanne, 3 Juni

Arcade amepita na mzigo wa watu wa Mwamkulu. Anacheka, amenunua miwani ya jua.

"Siku hizi halibani?" nikamuuliza.

"Limepona lenyewe, dada."

Nilikuwa na injini ya mtu wazi mbele yangu, nikacheka naye. Aliponipa mgongo nikajiambia, gari halijawahi kujiponya tangu magari yaanze.

Jumatatu, 9 Juni

Leo naandika nikiwa nimesimama.

Arcade ameleta lori kupigwa grisi. Yeye akavuka barabara kwenda kula kwa mama ntilie, mimi nikaingia chini. Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa napangusa matope ya zamani kwenye chemba za nyuma ili nione chuchu ya grisi.

Nyuma ya kila chemba ya springi kuna tundu lenye kifuniko. Kuna bolti ndefu ya kuingia humo, na ni kwa ajili ya fundi tu: gari likikufia porini, unaivuta springi kwa bolti hiyo ili gari liweze kuvutwa mpaka gereji. Ukimaliza unaitoa. Leo nimekuta bolti kwenye chemba zote za nyuma. Zote. Zimekazwa mpaka mwisho na zimeshika vumbi, maana yake zina siku nyingi. Springi zote zimevutwa nyuma. Upepo ukiisha, gari hili halibani tena kitu. Litaenda tu, mpaka likutane na kitu cha kulisimamisha.

Nilivuka barabara na spana mkononi. Bodaboda mmoja alinipigia breki na kunitukana, nikamtukana zaidi.

"Arcade, nani kafunga springi?"

"Mimi." Hakuacha hata kutafuna.

"Nani kakutuma? Malale?"

"Hakuna aliyenituma. Dada, madereva wote wa njia za mashamba wanafanya hivyo. We hukuwepo siku ya mvua. Mama Thacienne kanitemea mate miguuni mbele ya watu. Mama hajaniongelesha mpaka Jumapili ilipofika. Nimefunga, gari linaondoka hata kama upepo haujajaa, watu wanafurahi. Noma iko wapi?"

"Upepo ukiisha ukiwa kwenye mteremko wa darajani?"

"Haujaisha."

"Mpira ukipasuka?"

"Nitashusha gia."

"Na magunia yote yale mgongoni? Na mama juu?"

"We unawaza mabaya tu. Mwezi huu wote naendesha fresh kabisa."

Nikampiga chapati mkononi ikaangukia kwenye vumbi. Watu wakacheka, na mama ntilie akaniambia nilipe. Nilipokuwa nabishana na mama ntilie, Arcade akavuka, akawasha, akaondoka. Sikuwa nimefungua hata bolti moja. Nilikimbia nyuma ya lori mpaka kwenye kona, na maandishi yale yakiniangalia, acha waongee, acha waongee.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Malale, Mwamkulu. Njia nzima nimepanga maneno. Nilitaka watoto wake wayasikie, na ng'ombe wake pia.

Nimemkuta zizini anamtibu ndama jicho. Akanawa mikono, akanisalimia vizuri, akasema, "Karibu mayu, kaa," yaani mama kwa Kisukuma, na mkewe akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Ni vigumu kumtukana mtu huku umeshika kibuyu chake. Nikakiweka chini, nikamtukana.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaniomba nimweleze tena hizo springi, pole pole, na safari hii bila matusi. Nikamweleza. Akakuna kidevu.

"Mimi ng'ombe nazijua. Gari najua likienda na likisimama. Hizo bolti sijawahi kuziona, na sijamtuma kijana wako. Kuziba ndio nilisema. Hizi, hapana." Akajifuta mikono kwenye shati. "Lakini nikuulize, mayu. Kama ni hatari hivyo, kwa nini mama yako kaniletea jogoo?"

"Jogoo gani?"

"Yule pale. Kamtuma kwenye gari wiki iliyopita. Kasema asante, gari siku hizi lina adabu."

Jogoo mwenyewe alikuwa juu ya tela la ng'ombe, mweupe, amefungwa kitambaa cha kitenge mguuni. Kitenge kile nakijua. Nilimnunulia mama mimi.

Malale akasema ninunue raba na chochote kinachohitajika, atalipa, lakini gari haliwezi kulala gereji hata siku moja. Wanawake wa Kasekese wamemwambia likichelewa tena watamwita mtu mwingine, na hawatamrudia hata mwakani. Alisema hivyo kwa unyonge, mtu mwenye zizi kubwa namna ile. Nilikwenda kumchukia, nikashindwa kuimaliza kazi hiyo. Nikayanywa maziwa yake.

Njiani nilikuwa na hasira kuliko nilivyokuja, ila sasa sikujua niipeleke wapi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimetoka Mpanda alfajiri na bodaboda, begi mgongoni: raba mpya, sili za valvu, spana, brashi, kipande cha sabuni. Sylvanus aliniona nikichukua spana, akageukia upande mwingine.

Lori nimelikuta limesimama kwenye majaruba, limepakiwa nusu. Nilimfuata mama kwanza. Alikuwa anapepeta, hakuacha.

"Mama, ulijua kuhusu bolti?"

"Nilijua. Arcade alikuwa chini anazifunga, mimi nilizishika kwenye kitenge zisiingie mchanga."

Nilidhani atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Mbele ya wanawake wote wale nikamwambia kwamba amemshikia mwanawe kitu cha kumuulia, na yeye mwenyewe, na Mama Thacienne, na kila anayepanda juu ya mzigo ule.

Mama akaweka ungo chini. "Mwana wanje, mwanangu, nisikilize. Gari kuanguka ni labda. Mvua siyo labda, niliiona kwa macho yangu. Mwaka huu nusu ya mpunga wangu umeoza kwa sababu gari lilikataa kuondoka. Ukioza na huu uliobaki, mwakani nakodi shamba kwa kitu gani? Mimi nilikimbia vita nikiwa mtoto, kwa miguu, nikalala porini. Leo unanitisha na springi?"

"Mvua inaharibu gunia, mama. Hii itakuharibu wewe."

"Basi wahi kuitengeneza, badala ya kusimama hapo unanipigia kelele kama polisi."

Nikaingia chini. Mama Thacienne akasema kwa sauti kwamba fundi wa mjini amekuja kuwalaza tena shambani. Wengine wakamuunga mkono. Nikafungua chemba ya kushoto, nikatoa ile raba iliyochanika, nikaitupa nje waione. Hakuna aliyeiangalia. Nikaweka mpya. Nikang'oa bolti ya Sylvanus kwenye mpira, breki ya tairi ile ikarudishiwa upepo wake. Nikafungua valvu, ndani kumejaa kutu na mchanga, nikasafisha, nikabadilisha sili. Maji niliyaomba, wakaniambia ya kunywa hayatoshi, basi sabuni niliichanganya na maji ya kuoshea masufuria.

Arcade akawasha, upepo ukajaa, akazima. Nikapaka sabuni kila mahali, nyuma ya kila nati. Hakuna povu. Kisha nikawaita wanawake wapande mmoja mmoja waione sindano ya geji, kwamba gari limezimwa na sindano haishuki, basi halitabana tena. Wachache wakapanda. Mama alipanda, akaitazama muda mrefu, akashuka. Mama Thacienne akasema yeye hapandi kuangalia saa isiyotembea.

Ndipo nikatoa zile bolti zote, nikazitia kwenye begi langu.

Ila nilipokuwa natambaa kutoka nikaona mpira mkuu wa upepo unaokwenda nyuma. Umekuwa ukisuguana na chesisi, na mahali pamoja umeliwa mpaka nyuzi zinaonekana. Hauvuji. Sabuni haiwezi kukuonyesha kitu ambacho bado hakijatokea. Nikaufunga kwa vipande vya raba ya tyubu, nikaukunja upande mwingine, na nikamwambia Arcade asitoke na mzigo kabla sijamletea mpya.

Hapo nikakosea. Nililisema kwa sauti, na wote wakasikia.

"Kumbe bado bovu!" Mama Thacienne akapiga makofi. "Na bolti kazichukua!"

Niliondoka wakiwa wananizomea. Mama alikuwa amerudi kupepeta.

Jumatatu, 16 Juni

Mpira wa ukubwa ule Mpanda haupo. Wameagiza Tabora. Utakuja na basi.

Jumanne, 17 Juni

Haujaja. Arcade hapokei simu yangu.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimevunja urafiki na Sylvanus, kama ulikuwepo.

Nimeuliza tu, kwa wema kabisa, ile boksi ya gereji ya bolti za springi iko wapi. Akasema amempa Arcade. Arcade alituma bodaboda asubuhi kuzichukua. Wanataka kuondoka na mzigo Jumamosi.

"Ukampa?"

"Aliomba."

"Mama yangu anapanda lori lile, mzee! Unamjua mama yangu. Amekula kwako Pasaka!"

Akavua kofia, akaipiga kwenye goti. "Emelyne, unafikiri ukikataa wewe na nikikataa mimi, bolti zitaisha duniani? Duka lile pale wanauza. Kila lori linalotoka shambani limefungwa springi. Wewe unataka nigombane na Katavi nzima?"

"Ndiyo! Anza na mimi!"

Nikamwambia kesho siji. Akasema na keshokutwa pia nisije. Nimebeba brashi yangu. Brashi ni ya kwangu, nilinunua mwenyewe.

Nimempigia Arcade mpaka simu ikaisha chaji. Nimempigia mama kwa simu ya jirani, haipatikani. Kasekese mtandao unapatikana ukipanda kichuguu, na mama hapandi kichuguu kwa ajili yangu wiki hii. Nawachukia wote. Namchukia Arcade na miwani yake, na mama na jogoo wake, na Mama Thacienne na mate yake. Nimewaza nikawaona wote wamelala pale darajani na mpunga umemwagika juu yao. Nimelia kwa hasira mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado.

Jumamosi, 21 Juni

Mpira umefika na basi leo asubuhi. Nilikuwa stendi nimeushika mkononi, natafuta bodaboda wa kunipeleka Kasekese, simu ikalia. Arcade.

"Dada, njoo. Tuko mteremkoni, juu ya daraja. Gari limebana."

Sikuelewa. "Limefanyaje?"

"Limebana. Mpira umepasuka, upepo wote umetoka, limebana palepale. Halisogei. Watu wana hasira, njoo ulifungue."

"Limebana lenyewe?"

"Lenyewe."

"Mama yuko wapi?"

"Si huyu hapa anakutukana."

Nilikaa chini, kwenye lami ya stendi, na watu wakinipita na mizigo yao. Yule bodaboda akaniuliza kama bado nakwenda.

Nimefika jua likiwa kali. Lori limesimama limeinamisha pua kuelekea darajani, limepakiwa mpaka juu, na nyuma yake tairi zimechimba mifereji miwili kwenye changarawe, mirefu, kuanzia karibu na kona. Mwisho wa mifereji ni hapo liliposimama. Kutoka hapo mpaka korongoni si mbali. Niliangalia mara moja, sikurudia.

Arcade alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kabini na chupa ya soda. Alikuwa anajaribu kuifungua kwa meno na hawezi. Nikamfungulia kwa spana.

"Bolti za Sylvanus?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole ndani. Zilikuwa chini ya kiti, bado zimefungwa kwenye gazeti.

"Alhamisi nililala chini ya gari nizifunge. Nikakaza ya kwanza. Halafu nikaitoa." Akanywa, soda ikamwagika kifuani. "Dada, we una mdomo mbaya. Hata nikiwa peke yangu chini ya gari nakusikia unavyotukana."

Tangu siku ya chapati nilikuwa nimemwekea maneno huyu mtoto. Nilimpiga kofi dogo kisogoni, basi.

Wanawake walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara, kwenye kivuli chembamba cha lori, wamejifunika kanga vichwani, na waliponiona wakasimama wote kwa pamoja.

"Emelyne! Si ulisema halitabana tena? Muongo mkubwa we!" Ni Mama Thacienne. "Tumeteremka juu ya magunia kama mbuzi! Mimi goti limechubuka, tazama!"

"Jua lote hili limetukuta barabarani!"

"Mashine ya kukoboa inatusubiri, watu wanatupita!"

Na mama, mbele yao wote, kidole kikinielekea puani. "Kila ukiligusa gari hili linasimama. Kila ukiligusa! Sasa tutafika lini?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwonyesha mifereji ile, nimshike mkono nimpeleke mpaka ukingoni aangalie chini korongoni. Nikaona goti lake nalo lina vumbi na damu kidogo, na kitenge kimepinda. Nikageuka, nikatandika gunia, nikaingia chini na mpira mpya.

Nati za mwanzo zilikuwa ngumu. Nilipoifungua ya kwanza nikatafuta mahali pa kuiweka, na pale changarawe tupu. Mkono wa mama ukaingia chini ya gari, na pindo la kitenge limekunjuliwa. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya tairi. Nikaiweka humo, na ya pili, na ya tatu, na yeye akaendelea kunisema bila kupumua, kwamba nina kiburi, nimemrithi baba yangu, nimefukuzwa kazi na habari anazo.

Nilifunga taratibu. Nilikuwa nimelala chali chini ya lori la Malale, mafuta yakinidondokea shingoni, nawasikiliza wakinitukana kwa Kiswahili na kwa Kirundi, Mama Thacienne kwa sauti ya juu, mama karibu na sikio langu, wengine wakipokezana, nikazihesabu sauti zao, na hakuna hata moja iliyokosekana.